Kidole cha Sura ya Saba

Ukifungua blogu yangu leo utakuta sura ya sita, kisha ya nane. Ya saba haipo, niliifuta mwenyewe. Wageni huniandikia wakidhani nimekosea kuhesabu, na mmoja aliwahi kunishauri kwa upole nirudi shule ya msingi. Sikumjibu. Hii ndiyo habari ya sura ya saba, na naiandika bila kujificha nyuma ya riwaya.

Nilitaka kuwa mwandishi wa vitabu, na hapa Kindu, mashariki mwa Kongo, sikumjua mtu wa kunichapia kitabu. Kuna vibanda vya fotokopi, nami nilikuwa nafanya kazi katika kimoja, nikiwaandikia watu barua zao: maombi ya kazi, malalamiko ya kiwanja, mialiko ya arusi. Kutwa nzima nilipiga maneno ya wengine, na yangu yakinisubiri mpaka yakaanza kunikera. Basi nikafungua blogu kwenye simu yangu yenye kioo kilichopasuka, nikaanza kutoa riwaya sura kwa sura, kila Jumatatu asubuhi, nikipata mega za intaneti za kutosha.

Niliandika kwa Kiswahili. Wasomi wa kibandani walinicheka. Mwandishi wa kweli, walisema, anaandika Kifaransa. Kifaransa kingenipa heshima, sikatai, lakini Kiswahili kilinipa masikio. Mtaa wetu hauna umeme, watu hupeleka simu zao kuchaji kwenye duka lenye sola, ng'ambo ya barabara mkabala na nyumbani kwetu, na huko hukaa kwenye benchi wakisubiri. Mwenye duka alikuwa mwanamume wa rika langu, mwenye sauti nzito iliyotulia. Kila Jumatatu alasiri alifungua sura yangu kwenye simu yake akawasomea. Blogu ilinionyesha wasomaji wachache wa kutia huruma, kumbe mtaa mzima ulikuwa unasubiri sura inayofuata. Mimi nilikuwa napita pale nikijifanya natafuta sabuni. Nikimsikia akisoma sentensi yangu, na wale wa kwenye benchi wakiguna kwa kuridhika, nilirudi nyumbani bila sabuni na bila kujali.

Huyo msomaji wangu tulikua pamoja. Baba yake alikuwa fundi wa reli, nyumba yao ya tatu kutoka kwetu. Baba huyo alichukuliwa wakati wa vita.

Nilikuwa na miaka tisa wakati huo. Mji ulikuwa mikononi mwa askari, na msituni, pande zote, walikuwako wapiganaji waliowapinga. Sisi tulikuwa katikati. Mashamba yetu yalikuwa huko msituni, na aliyethubutu kwenda kuchuma muhogo aliagana na watu wake kwanza, maana wengine hawakurudi. Tulikula sombe, yaani kisamvu, bila mawese, tukala maembe kabla hayajaiva. Baba yangu alikuwa amekwenda Kalima kuchimba madini, njia ikafungwa nyuma yake, na kwa muda mrefu hatukujua kama ni mzima. Nyumbani tulibaki mama na mimi.

Baba mdogo, yule anayemfuata baba yangu kwa kuzaliwa, alikuwa upande wa msitu. Mara mbili alikuja kwetu alfajiri, akipitia nyuma, suruali imelowa mpaka magotini. Alituletea nyama ya kukaushwa akachukua chumvi, kwa sababu msituni chumvi ilikuwa adimu kuliko risasi. Mara zote mbili, alipoondoka, mama alinishika mabega.

"Umeona muntu?"

"Hapana, mama."

"Umeona nini?"

"Sikuona kitu."

Nilikuwa mtoto mtiifu. Utii huo ulinishika mpaka ukubwani, kwa maana hata nilipoandika riwaya ya vita, riwaya nzima ya mtaa wetu, sikumtia baba mdogo ndani. Nilijiambia kwamba hahusiki.

Kisha ikaja alasiri ile. Mvua ilikuwa imekatika, nami nilikuwa nimesimama mlangoni kwetu nikiangalia matope. Askari walitokea upande wa chini, wakipanda haraka, wakaingia kwa fundi wa reli. Nyumba yake siku hiyo haikuwa na mlango, palikuwa na kitenge tu kilichotundikwa, wakakisukuma wakapita. Walimtoa akiwa na singileti, mkono wa kulia bado una ugali. Alijaribu kuufuta kwenye suruali. Mke wake aliwafuata mpaka njia panda, wakamrudisha. Mtu yule hakuonekana tena, wala mwili wake.

Mtaa ulisema kuna aliyewaonyesha nyumba. Lisemwalo lipo, walisema, askari hawawezi kwenda moja kwa moja kwenye nyumba moja kati ya nyumba zote hizi. Lakini nani? Hapo kila mmoja alimwangalia jirani yake kisha akaangalia chini, na vita vilipokwisha swali lilibaki pale pale, watu wakilizunguka.

Mimi, miaka zaidi ya ishirini baadaye, nilimhitaji mwenye kuonyesha. Riwaya isingesogea bila yeye. Nikambuni: mwanamume mwembamba, mchuuzi wa samaki, mgeni kutoka Tunda, mtu ambaye hakuwahi kuishi popote ila kichwani mwangu. Nilimwandika mara nne na mara nne alikaa kwenye ukurasa kama shati kwenye kamba. Hana mwili. Hapo ndipo nilipofanya kosa langu, na nililifanya kwa furaha, nikijiona fundi. Nilimpa mkono wa mtu mwingine.

Kwetu sote tunaonyesha kwa mdomo. Ukiniuliza soko liko wapi, nitakusogezea midomo upande wa soko, na hakuna atakayeona ajabu. Lakini kulikuwa na mzee mmoja seremala, karakana yake mwisho wa barabara yetu, aliyezidi wote. Yeye alionyesha kwa mdomo hata msumari ulio mbele yake. Mkono wake wa kulia, kama haukushika randa au nyundo, ulikaa mfukoni, na ukitoka ulionekana kidole cha shahada kimekunjwa ndani, hakinyooki. Tangu utoto wangu nilikiona hivyo. Viti vyote vya mtaa wetu, vitanda, milango, majeneza, vilipita katika mkono ule. Nilikiazima kidole hicho na mdomo huo nikampa mchuuzi wangu. Niliandika kwamba alizaliwa nacho, kwamba kwa ajili hiyo alizoea kuonyesha kwa mdomo, na kwamba siku askari walipomuuliza, alitia mkono mfukoni akasogeza midomo kuelekea nyumba yenye kitenge. Sentensi hiyo niliisoma mara kumi kwa sauti. Niliipenda sana.

Jumatatu nikaitoa. Alasiri nikaenda kutafuta sabuni.

Mwenye duka alisoma vizuri kuliko siku zote. Alipofika kwenye kidole, sauti ikapungua. Alipofika kwenye mdomo, akanyamaza. Nilisimama nyuma ya watu nikamwona akisoma iliyobaki kimyakimya, midomo ikicheza, kisha akaizima simu akaiweka kifudifudi juu ya meza. Hakuna aliyeguna. Kijana mmoja wa pikipiki ndiye aliyesema:

"Huyu muntu tunamujua. Njo yule fundi wa mbao."

"Ni hadithi," nikasema. "Nimebuni."

Mwenye duka aliniangalia. "Ile kitenge ya kwetu nayo ulibuni?"

Niliondoka.

Nyumbani mama alikuwa amekwisha kusikia. Kwetu habari haihitaji mega. Alikuwa amekaa, mikono magotini.

"Futa ile kitu."

"Kitu gani, mama?"

"Ile ya kidole. Futa leo."

"Juu ya nini? Unajua nani alionyesha?"

"Ule muzee, hapana. Futa tu."

"Kama si yeye, nani?"

Akanyanyuka akaenda jikoni. Nilimfuata kwa maswali, naye akaosha sufuria iliyokuwa safi.

Sikufuta. Nitasema wazi kwa nini, maana hapa ndipo ninapojionea aibu mpaka leo. Usiku huo wasomaji walifurika. Watu wa Kindu walioko Goma, Lubumbashi, Bukavu, wengine ughaibuni, waliniandikia kwamba wametetemeka, kwamba mwishowe kuna aliyethubutu kusema. Maoni yaliyotaja jina la mzee niliyafuta, nikajiona mwema. Ningeweza kuandika mstari mmoja tu, kwamba mkono huo ni wa kuazima, mtu ni wa kubuni. Nilitunga mstari huo, nikaufuta, kwa sababu ulikuwa unaharibu sura. Siku mbili nilikaa na furaha yangu.

Jumanne asubuhi mtu alikwenda kwa seremala akaacha kigoda mbele ya karakana. Ni kigoda alichokinunua kwake zamani, akamrudishia. Adhuhuri vilikuwa vinane. Watu walikuja mmoja mmoja na viti, meza ndogo, kinu, kitanda cha mtoto, wakaviweka kwenye matope wakaenda zao bila salamu. Mzee alitoka kila mara, akaviingiza ndani visilowe. Jumatano familia moja iliyofiwa, ambayo jeneza lake alikuwa amekwisha kulipiga randa, ilituma ujumbe kwamba haitalichukua. Walimzika mtu wao katika mbao mbichi zilizopigiliwa na mwanagenzi. Jioni hiyo mawe yalianguka juu ya mabati yake, machache, ya kujaribu tu.

Na vijana wa pikipiki wakatangaza kwenye benchi la duka kwamba Ijumaa, mzee akitoka msikitini, watamuuliza. Kila mtu wa mtaa wetu anajua kuuliza kwa namna hiyo kunaishaje. Mwenye duka hakuwaunga mkono wala kuwakataza. Alikuwa anapanga waya zake.

Nilijaribu kuandika ule mstari wangu wa kusahihisha. Nikaandika: ni hadithi tu. Ndani ya dakika chache nikajibiwa kwamba nimetishwa, kwamba mzee amenihonga, kwamba kuogopa kwangu ndiko ushahidi. Maji yalikuwa yamemwagika. Nikaogopa kweli, mwili mzima, kwa mara ya kwanza tangu nikiwa na miaka tisa.

Alhamisi sikwenda kazini. Nilikwenda karakana.

Nilipita kati ya viti. Vilikuwa vingi kiasi kwamba mzee alikuwa amekaa sakafuni. Nilipiga hodi, akanisogezea midomo kuelekea kigoda kimojawapo.

"Karibu, mutoto yangu. Ikala. Leo viti haikosekane."

Nilitaka kucheka nikashindwa. Nikaanza kuomba msamaha, yeye akanikata.

"Wanasema umeniandika. Macho yangu haione tena maandishi ya simu. Nisomee."

"Baba, tafadhali..."

"Wote wamesikia. Mimi tu njo sijasikia. Soma."

Nilimsomea sura ya saba kutoka mwanzo mpaka mwisho. Nilipofika kwenye sentensi ile niliyoipenda, nilisoma haraka. Nilipomaliza akautoa mkono mfukoni akauweka juu ya goti lake, mbele yangu.

"Umeandika muzuri. Fasi moja umekosa. Ulisema muntu yako alizaliwa na kidole ya hivi. Mimi yangu ilikuwa inanyooka."

Akanisogezea midomo kuelekea meza yake ya kazi, kwenye jiliwa, kile chuma cha kubania mbao.

"Waliingia hapa, ile siku, mvua inaisha. Wakaniuliza: nyumba yenye kupokea muntu wa pori iko wapi? Wakasema sina haja ya kusema, ninyooshe kidole tu. Nikasema sijui. Wakasema kama kidole haitaki kazi, haitafanya kazi tena. Wakaiweka mule, wakafunga. Wakauliza tena. Nikasema sijui."

"Na ulikuwa unajua?"

"Baba yako mudogo alipita nyuma ya hii atelye yangu mara mbili. Nilimuona na macho yangu. Alinisalimia, ni mutoto wa watu, alikuwa na adabu."

Nyumba waliyokuwa wanaitafuta ilikuwa yetu. Mzee aliendelea kwa sauti ile ile.

"Wakatoka kwangu na hasira. Hawakuwa na nyumba. Waliingia kwenye nyumba ya kwanza yenye haina mulango. Unajua mulango ilikuwa wapi? Hapa. Mvua ilikuwa imeivimbisha, fundi wa reli aliniletea asubuhi niipige randa. Ilikuwa imeegemea pale. Njo maana sikusema kitu, miaka yote. Nitawaambia nini? Kama sikuonyesha, na muntu alikufa?"

Akakitazama kidole chake juu ya goti.

"Hata nikiswali haisimame. Mungu anaiona hivi hivi."

Nilimwambia nitaandika yote leo leo, ili kesho watu wamwache. Hapo ndipo alipokasirika, na sikuwahi kumwona amekasirika.

"Hapana! Ukiandika, watauliza walikuwa wanatafuta nyumba gani. Mama yako iko pale. Mimi ni muzee, waache wanene mimi. Nilikataa mbele ya bunduki, leo wewe utaonyesha na simu?"

Nilitoka nikiwa nimeinama. Barabara ile ina hatua mia mbili labda, nami sikumbuki hata moja. Mama alikuwa mlangoni.

"Umetoka kwake."

"Ndiyo."

"Amesema?"

"Amesema yote."

Mama alishika kizingiti. "Alinikataza nisiseme. Nilimupelekea maji ya moto na kitambaa ya kufunga ule mukono, akaniambia: mama, wewe haukupokea muntu, mimi sikuona muntu. Na ule mujane wa fundi wa reli, nilikuwa naenda kumusaidia kutwanga kila siku, na nilikuwa nashindwa kumuangalia kwenye macho mupaka alikufa." Akapumua. "Kila Jumatatu ninasikia ule mutoto wake anasoma maneno yako, na ninaziba masikio."

"Mama, kesho njo Ijumaa."

"Ninajua kesho ni siku gani."

Aliingia ndani. Nilidhani amekwenda kulala, au kulia, na sikuwa na nguvu ya kumfuata. Akatoka na kigoda chake, kile alichochongewa na seremala nilipokuwa sijazaliwa, ambacho siku zote hizo hakukirudisha. Alikiweka nje, mbele ya mlango, akauelekeza uso barabarani. Akakaa, akafunga kitenge vizuri kiunoni, akaweka mikono magotini.

"Enda," akasema.

Nilivuka barabara. Ilikuwa saa kumi, benchi limejaa, vijana wa pikipiki wapo, simu za mtaa mzima zimelala mezani zikinywa jua. Nilimwomba mwenye duka tuongee pembeni. Alitikisa kichwa.

"Sema hapa. Uliandika mbele ya wote, sema mbele ya wote."

Nikasema. Sikuwa na sentensi nzuri hata moja. Nilisema kidole nilikiiba, mchuuzi nilimbuni, nilisema jiliwa, nilisema mlango uliokuwa umeegemea karakana ukingoja randa. Nilisema mzee aliulizwa mara mbili na mara mbili alisema hajui. Kijana mmoja wa pikipiki alifungua mdomo, mwenye duka akainua mkono bila kumtazama, kijana akaufunga. Nilisema baba yake mwenye duka hakuonyeshwa na mtu yeyote, kwamba walikosa nyumba waliyoitafuta wakachukua iliyokuwa wazi.

Alikuwa ananitazama kama alivyokuwa anaitazama simu yake siku ile, midomo ikicheza kidogo, akisoma. Nilimwona akifika mwisho. Nilijua swali kabla hajaliuliza, na nilitamani mtu mwingine, mtu yeyote wa kubuni, asimame mahali pangu.

"Walikuwa wanatafuta nyumba gani?"

Ningeweza kusogeza midomo tu. Niliinua mkono wa kulia, nikanyoosha kidole, nikaonyesha ng'ambo ya barabara, kwetu, pale mama alipokuwa amekaa.